SOMO LA VIKUNDI: NESI AMERUDI NYUMBANI



Katika ziara zetu vijijini tumekutana na jambo hili zaidi ya mara moja. Mtoto wa kijiji alisomea uuguzi, akaenda ng'ambo miaka mingi, sasa amerudi. Watu wanafurahi: "Sasa tuna daktari wetu!" Lakini miezi inapita na huyo nesi hajaingia kazini. Maneno yanaanza. Someni kisa hiki kwa sauti, wote wasikie, halafu mjadiliane.

KISA

Mama mmoja alisomea uuguzi hapa Kenya, akafanya kazi miaka sita. Mwaka 2012 alienda Uingereza. Huko hakuandikishwa kuwa nesi, kwa sababu nchi ile ina baraza lake na mitihani yake. Alipata kazi ya kutunza wazee katika makao yao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ni kazi ya heshima, na ndiyo iliyosomesha wadogo zake. Lakini kwa miaka 12 hakuzalisha mama hata mmoja wala hakuchanja mtoto.

Alirudi mwaka 2024. Wiki ya pili, saa tatu usiku, jirani mzee alibisha hodi. Alikuwa amembeba mjukuu mwenye homa, na mkononi ana chupa ya dawa ya sindano aliyonunua dukani.

"Mwanangu, mdunge tu. Wewe si daktari?"

Akajibu, "Nyanya, mtoto hajapimwa, na leseni yangu ilikwisha zamani. Siwezi kumdunga. Lakini twende wote."

Akaita bodaboda, wakaenda kituo cha afya. Mtoto alipimwa damu, akaonekana ana malaria, akapewa dawa ya kumeza. Akapona. Hata hivyo, kesho yake sokoni watu walisema, "Huyu amerudi na maringo ya Kizungu."

Sisi pia, tuliposikia habari hiyo, tulidhani anajivuna. Tulikosea.

KWA NINI ALIKATAA?

Kwanza ni sheria. Cheti cha uuguzi hakiozi, lakini leseni ya kufanya kazi ina tarehe ya mwisho. Hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na nesi anayetaka kuihuisha lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Kutibu watu bila leseni ni kosa, hata kama mgonjwa ni jirani, hata kama ni bure.

Pili, kazi yenyewe imebadilika. Alipoondoka, kaunti zilikuwa bado hazijaanza kusimamia hospitali; zilianza baada ya uchaguzi wa 2013. Mwaka 2014 watoto wachanga walianza kupewa chanjo ya rota, inayozuia kuhara kubaya. Tangu 2016, mtu akipatikana na virusi vya ukimwi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Mwaka 2019 ilikuja chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka huo huo chanjo ya malaria ikaanza katika sehemu za magharibi. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikaondoka, SHA ikaingia. Nesi asiyejua mambo haya anaweza kukosea, na kosa la nesi hulipwa na mgonjwa.

ALIVYORUDI KAZINI

1. Alikusanya karatasi zake zote: cheti cha shule, cheti cha usajili, kitambulisho, na barua ya mwajiri wake wa ng'ambo.

2. Aliuliza Baraza lenyewe kinachotakiwa na ada yake. Mtu mmoja mjini alimwambia, "Nipe pesa kidogo, nitakutolea leseni." Hakumpa. Watu wa namna hiyo tuwakimbie.

3. Aliomba kujifunza upya hospitalini, chini ya nesi mwenye leseni. Aliyemwelekeza alikuwa msichana ambaye mwaka 2012 alikuwa bado shule ya msingi. Alituambia, "Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya tatu nikaanza kumwuliza kila kitu." Kuuliza si ujinga.

4. Pesa zilikuwa zimekwisha, na nyumba yake ilikuwa imesimama bila bati. Akaomba mkopo katika kikundi chake cha akina mama. Mweka hazina akapinga: "Mtu wa Uingereza akope kwetu sisi?" Basi mama yule akaeleza mbele ya wanachama alichopata huko na alichotumia, shilingi kwa shilingi. Kukawa kimya. Wakamkopesha kwa riba ile ile ya kila mwanachama. Amekwisha kulipa.

Leo ana leseni. Anafanya kazi siku tatu kwa wiki katika zahanati, huku akingoja kaunti itangaze nafasi. Hatusemi njia ni rahisi. Lakini yule nyanya siku hizi humpeleka mjukuu zahanati mwenyewe, mchana, na hupanga foleni kama wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kijijini kwetu kuna nesi, mwalimu au fundi aliyerudi na hajaanza kazi? Nani amemtembelea na kumwuliza ana shida gani?

2. Tunapomwambia nesi "nidunge tu", tunamweka katika hatari gani? Na mtoto je?

3. Kwa nini ni vigumu kwa mtu wa ng'ambo kusema hana pesa? Sisi tumechangia vipi ugumu huo?

4. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia kwa njia gani: nauli, mkopo, kumwangalilia watoto anapokwenda mafunzo?

Andikeni mliyokubaliana katika daftari la kikundi, pamoja na jina la atakayefanya na siku ya kufanya. Tutakapowatembelea tutaomba kuliona.