Sufuria Yako Haina Kosa, Mdogo Wangu

Nimepata barua ya mdogo wangu mmoja wa Mangobo, na nimeamua kumjibu mbele ya wote, kwa sababu swali lake nalisikia sokoni, kanisani, hata ndani ya mtumbwi wa kwenda Lubunga. Ana miaka 34 na watoto watatu. Kichwa kilimsumbua, akaenda kupimwa, akaambiwa tansio, yaani shinikizo la damu, imepanda. Akaambiwa pia abadilishe chakula, basi, bila kuelezwa abadilishe nini. Akatoka pale moja kwa moja hadi kwenye duka la mjini kuuliza bei ya mafuta ya zeituni na shayiri ya pakiti. Pakiti moja ingekula pesa ya sufuria ya siku mbili. Alirudi nyumbani akilia. "Yaya," ananiuliza, "afya ni ya wenye pesa tu?"

Hapana, mdogo wangu. Futa machozi kwanza. Shayiri ni chakula kizuri, sina ugomvi nayo, lakini wewe unaishi Kisangani, mji uliokaa kati ya mto na msitu. Pita mbele ya meza za mama wa mboga pale soko kuu uangalie vizuri: sombe, matembele, lengalenga, ngaingai, fumbwa iliyokatwa nyembamba, uyoga ukiwa umetoka, mbika, karanga, makemba, papai, na safu msimu wake ukifika. Samaki wa wavuvi wetu Wagenia wapo. Viwavi vipo. Mwaka 2013 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilitoa ripoti nzima kuwahimiza watu wa dunia wasidharau wadudu wanaoliwa. Sisi hatuhitaji kuhimizwa. Viwavi vilivyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake mara nyingi ni protini, na hapa vinapimwa kwa kopo.

Chakula chetu hakina kosa. Kinachotuumiza ni vile tunavyokiongezea juu, na vile tunavyokunywa pembeni yake. Hilo ndilo jibu langu, sasa nilifafanue.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayogusa tansio yako. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo ni kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, na ndani yake mnahesabiwa yote: ya sufuria, ya mkate, ya samaki. Haya, twende jikoni. Makayabu, samaki wa chumvi, imelowa saa moja tu, maji yamemwagwa mara moja, kwa kuogopa utamu usiondoke. Kitunguu kimeingia, nyanya imeingia, pilipili pia. Zinafuata kyubu mbili, zile tunazoziita Maggi zote hata zikiwa na jina lingine. Halafu mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, kabla ulimi haujaonja. Hesabu mwenyewe. Samaki alihifadhiwa kwa chumvi. Kyubu ya gramu 4, karibu nusu yake au zaidi ni chumvi. Na bado ukachota. Sufuria moja imetiwa chumvi mara tatu, na hakuna aliyeonja.

Kuanzia leo, makayabu ilale majini usiku kucha, maji ubadilishe mara mbili au tatu, na asubuhi uichemshe kidogo na kumwaga tena. Siku ya makayabu, kyubu ipumzike. Siku ya kyubu, iwe moja, na kopo la chumvi lisifunguliwe. Mchuzi utautia nguvu kwa kitunguu saumu, tangawizi, majani ya kitunguu, ndimu, pilipili. Mwanzoni watoto watanung'unika, na baba watoto atauliza kama chumvi imekwisha nyumbani. Vumilia tu. Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya majuma machache, na siku mtakapoalikwa kwa jirani ninyi wenyewe mtaona sufuria yake imezidi.

Kuna chumvi nyingine iliyojificha, na hii inanikera kwa sababu wengi hawaambiwi. Ile bikarbonati mnayotia kwenye sombe ili ilainike upesi na ibaki kijani ina sodiamu, ile ile tunayoikimbia kwenye chumvi. Tena inaharibu baadhi ya vitamini za majani. Sombe inataka muda wake. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi, ambayo ni sumu, na inatoka kwa kutwangwa sana na kuchemshwa bila kifuniko, mvuke uende zake. Hapo usipunguze kuni. Na muhogo mchungu vilevile, uloweke siku 3 au 4. Kule Kwango, kwenye njaa, watu waliokatisha siku za kuloweka wakala mfululizo walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu, na miguu hairudi tena ilivyokuwa.

Mawese sasa. Mmoja ameniandikia kwamba ameyaacha kabisa kwa sababu amesikia ni sumu ya moyo. Ndugu yangu, tuko kilomita mia moja hivi tu kutoka Yangambi. Pale ndipo watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza mwaka 1941 jinsi mchikichi wa tenera unavyopatikana, ule wenye nyama nyingi na ganda jembamba, na michikichi ya tenera ndiyo iliyojaza mashamba ya dunia leo. Tusiyaogope mawese kama mgeni. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho ya mtoto na ya kinga yake. Ila ni kweli pia kwamba karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli. Basi tuyapime. Kwa sombe ya familia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila mlaji kinatosha, na ukitie mwishoni, sufuria ikiwa karibu kushuka.

Lakini naomba sana, muache kuyachoma mpaka yawe meupe. Najua mama zetu walitufundisha hivyo, ili harufu iondoke. Wekundu ukiondoka, karotini imekwenda nayo, na unachobaki nacho ni mafuta mazito yasiyo na faida ile. Mafuta ya kukaangia mandazi yakishakuwa meusi, usiyaongezee mapya juu. Mwaga.

Kuhusu sahani, sitakwambia uache fufu wala lituma. Punguza kilima, ongeza majani, samaki au maharage viwe na nafasi yao. Makemba yana potasiamu, inayousaidia mwili kutoa chumvi, isipokuwa figo zikiwa na shida, na hapo ni daktari wa kukueleza. Wali ukiufunika ukaukie, tumia jani la ndizi, si mfuko wa plastiki. Tunda lile baada ya chakula, siyo kumwachia mtoto peke yake.

Kwenye kinywaji nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo ninapoona watu wangu wanaumia bila kujua.

Maji kwanza. Mwaka 2011 kolera ilianzia hapa hapa Kisangani, mwezi wa tatu, ikateremka na mto pamoja na mabaleinia, mashua zetu za kubeba makemba, ikafika Mbandaka, ikafika Kinshasa. Wakubwa wanakumbuka na Juni 2000, siku zile sita majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwetu, umeme na maji vikakatika. Mji huu una maji kila upande na unajua kiu. Ndiyo maana nawasihi: maji kuonekana meupe si usafi. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, yaendelee dakika moja kamili, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yaweke kwenye bidoni yenye mdomo mwembamba, yamiminwe, kikombe kisizame ndani. Kama unatumia vidonge vya klorini, soma pakiti kujua kidonge kimoja ni cha lita ngapi, na subiri nusu saa kabla ya kunywa. Ninyi mnaouza tangausi kwenye chupa zilizotumika, tangawizi yenu ni dawa ya koo, lakini ikitiwa maji ya kisima bila kuchemshwa mnauza hatari. Chemsheni, na chupa zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Mtu akianza kuhara sana, usimsubirie kesho: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo.

Halafu sukre, soda za chupa. Mgeni akija, tunamtuma mtoto akanunue sukre, kwa sababu kumpa mgeni maji kunaonekana ni ufukara. Chukua chupa ya sentilita 33 ya kola. Ndani yake mna sukari gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai vinane na zaidi. OMS inataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati unayokula, na inasema ingefaa zaidi isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja imeshavuka hapo, na chai ya asubuhi haijahesabiwa. Ukitia vijiko vinne kwenye kikombe cha chai, teremka hadi vitatu, kaa hapo kwanza, kisha viwili. Mgeni mpe maji baridi ya kuchemshwa yenye kipande cha ndimu, kwenye glasi yako nzuri, na umwekee karanga pembeni. Heshima iko kwenye glasi na karanga. Watoto wadogo sukre wasiijue kabisa, na kichanga wa chini ya miezi 6 hahitaji hata maji, ziwa la mama linatosha.

Wanaume zangu, na ninyi dada zangu wa nganda, baa zetu za mtaani, nanyi nawataja. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, yenye pombe asilimia 5, ina gramu 28 za pombe tupu. Mbili jioni ni gramu 56. Tansio inapanda kwa pombe, si kwa chumvi peke yake, na anayemeza kidonge cha tansio asubuhi akashusha chupa tatu usiku anaubomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Januari 2023 OMS ilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mwenye kunywa apunguze siku na apunguze chupa, na mwenye mimba aache kabisa. Kuhusu lotoko, pombe kali ya kienyeji, nitasema bila kuzunguka: usinywe. Hakuna anayejua nguvu yake, haina kipimo wala mtu wa kuikagua, na nimezika watu wa mtaa wangu ambao bado walikuwa vijana. Ninyi wa toleka, baiskeli za abiria, na wa pikipiki, mnaokaa juani kutwa nzima, kileo hakiwapi nguvu, kinawatoa maji mwilini na kupunguza macho barabarani. Bebeni chupa ya maji ya kuchemshwa.

Mdogo wangu wa Mangobo, narudi kwako. Usijilinganishe na rafu za lile duka. Kama umepewa vidonge, vimeze hata kichwa kikitulia, kwa maana tansio mara nyingi haina dalili, inakaa kimya huku inaharibu figo na mishipa ya ubongo. Usiache bila kumwuliza aliyekupa. Rudi kupimwa tarehe waliyokuandikia. Siku hiyo usinywe kahawa nusu saa kabla, kojoa kwanza, keti dakika 5 mgongo umeegemea na miguu chini, mkono ulale mezani. Uliza namba mbili walizoziona uziandike kwenye daftari lako, na ukiona 140 kwa 90 kwenda juu, waulize mpango ni upi na wakueleze mpaka uelewe. Ni haki yako kuelezwa. Na umchukue baba watoto naye apimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu miaka yote hii mmekula kwenye sufuria moja.