Mtoto Mbele ya Daktari: Haki na Wajibu katika Sheria za Kenya

Katika sheria za Kenya, mtoto anayefikishwa kwa daktari ndiye mwenye haki, na mzazi au mlezi aliyemleta ni msimamizi wa haki hizo hadi mtoto atakapoweza kuzidai mwenyewe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto, yaani kila mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18, haki ya lishe ya msingi, makao na huduma za afya, na kinaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto maslahi yake yapewe uzito wa kwanza. Kanuni hiyo inazibana pande zote mbili, kwa kuwa inamzuia mhudumu wa afya kutanguliza fedha au urahisi wake, na inamzuia mzazi vilevile kutanguliza hasira, aibu au imani yake pale ambapo uhai wa mtoto umo hatarini. Wazazi wengi huikumbuka sehemu ya kwanza tu, na baadhi ya hospitali hupenda kukumbusha ya pili tu.

Suala linalozua mabishano mengi kwenye dirisha la mapokezi ni malipo ya awali, yaani fedha ambazo hospitali hudai kabla ya mgonjwa kuonwa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu chake cha 7, inafafanua kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma inayotolewa kabla ya mgonjwa kufika hospitalini, hatua za kuituliza hali yake, na kupanga rufaa, yaani kumhamishia kwenye kituo chenye uwezo iwapo kituo cha kwanza hakina vifaa au ujuzi unaohitajika. Sheria hiyo inayafasiri matibabu ya dharura kuwa huduma ya haraka ambayo lazima itolewe ili kuzuia kifo au kuzuia hali ya mgonjwa kuzidi kuwa mbaya, na kwa hiyo kipimo chake ni hali ya mtoto, wala si saa aliyofika au aina ya bima aliyo nayo mzazi.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kipimo hicho kina alama ambazo wahudumu wa afya hufundishwa kuzitambua mara moja: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea mno au kupoteza fahamu. Mzazi anayefika na mtoto wa namna hiyo hufanya vyema kuitaja alama yenyewe badala ya kusema tu kwamba mtoto anaumwa sana, kwa kuwa alama iliyotajwa wazi mbele ya karani na muuguzi humsogeza mtoto mbele ya foleni, na tena huondoa dai la baadaye kwamba hakuna aliyejua uzito wa hali. Kumwambia mzazi aende kwingine, pasipo kumtuliza mtoto na pasipo kupanga namna atakavyopokewa huko, si rufaa kwa maana ya sheria, hata kama mlinzi wa lango amemwonyesha kwa ukarimu njia ya kwenda hospitali ya kaunti.

Haki ya kutibiwa kwanza, hata hivyo, haiifuti bili. Deni hubaki kuwa deni, na hospitali ina njia za kawaida za madai za kulifuatilia. Kisichoruhusiwa ni kuufanya mwili wa mgonjwa kuwa dhamana. Mnamo 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya umma kwa kushindwa kulipia huduma za kujifungua, iliamua kwamba kuwazuilia huko kulikiuka haki zao za kikatiba, na ikaamuru mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwingine shilingi 500,000. Mzazi ambaye mtoto wake ameruhusiwa na daktari kutoka wodini, lakini idara ya fedha imemkatalia, anashauriwa kuandika ahadi ya kulipa kwa awamu, kuiwasilisha kwa msimamizi wa hospitali na kubaki na nakala. Kutoroka usiku, jambo ambalo wengi hulifikiria, humwacha mtoto bila barua ya kutoka wodini, bila orodha ya dawa alizopewa na bila tarehe ya kurudi kliniki.

Ndani ya chumba cha daktari, haki iliyo kubwa zaidi, na inayopuuzwa zaidi, ni ile ya kuelezwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinamtaka mhudumu amweleze mlezi wa mtoto hali ya afya ya mtoto huyo, vipimo na njia za matibabu zinazopatikana, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, pamoja na haki ya kuikataa njia iliyopendekezwa na athari za kuikataa. Maelezo hayo yanapaswa kutolewa, kila inapowezekana, kwa lugha ambayo mlezi anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Hii ina maana kwamba mzazi anapouliza ni ugonjwa gani unaoshukiwa, kipimo cha damu kilichoandikwa kitabadilisha nini katika matibabu, au dawa hiyo ya kuua bakteria inahitajika kwa sababu gani kwa mtoto mwenye mafua, hamsumbui daktari wala hamkosei adabu, bali anapokea kile ambacho sheria tayari imeagiza apewe bila hata kuuliza.

Juu ya maelezo hayo ndipo inapojengwa ridhaa, yaani kibali cha kutibu kinachotolewa na mtu mwenye mamlaka ya kisheria baada ya kuelewa anachokikubali. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa kidole gumba na mama wa Kwale ambaye hakusomewa wala kufafanuliwa kilichomo ni ushahidi wa wino kuliko wa ridhaa, na mzazi ana haki ya kuomba itafsiriwe kabla ya kuigusa. Sheria inaruhusu kutibu bila ridhaa katika hali chache, dharura ikiwa mojawapo. Kuhusu nani kati ya wazazi atoe kibali, Katiba inawapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la, na hivyo ni vigumu kuona msingi wa kumrudisha mama nyumbani kwa hoja kwamba baba hakuja. Pale ambapo mtoto huletwa na nyanya yake au yaya, barua fupi yenye saini ya mzazi, nambari yake ya simu, na orodha ya dawa au vyakula vinavyomdhuru mtoto huokoa muda mwingi.

Kukataa ni haki, lakini mzazi anapokataa kwa niaba ya mtoto hafanyi jambo lile lile analolifanya mtu mzima anapojikatalia mwenyewe. Mhudumu anaweza kumtaka athibitishe kukataa kwake kwa njia rasmi, na pale ambapo mzazi anakataa, kwa mfano, mtoto asiongezewe damu ilhali daktari anaona kwamba bila damu hiyo hataishi, jambo hilo linaweza kufikishwa mahakamani, ambako swali litakuwa maslahi ya mtoto.

Yapo pia mambo ya kutazamwa kabla hata ya mtoto kuvua shati. Wengi wanaoitwa daktari katika vituo vidogo ni maafisa wa kliniki, taaluma halali yenye baraza lake, na mzazi anaruhusiwa kuuliza anayemtibu mwanawe ana sifa gani na amesajiliwa na baraza lipi. Anayejitangaza kuwa daktari bingwa wa watoto lazima awe anatambuliwa hivyo na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC.

Kumbukumbu za mtoto hazihitaji maelezo marefu. Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambamo chanjo na uzito huandikwa, hukaa na mzazi na hakipaswi kushikwa kwa ajili ya deni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na taarifa za mtoto haziwezi kutumiwa bila kibali cha mzazi au mlezi na bila kuzingatia maslahi yake. Kliniki zinazopenda kuweka mtandaoni picha za watoto wakidungwa sindano zingefaa kujua kwamba mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila kibali cha wazazi.

Mzazi asiyeridhika ana njia iliyowekwa na kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya, ambacho kinataka utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali panapoonekana na kila anayeingia kituoni. Hatua ya kwanza ni kituo chenyewe, kisha idara ya afya ya kaunti, na pale ambapo kosa ni la kitaaluma, KMPDC au baraza linalohusika. Mlalamikaji ana haki ya kujulishwa matokeo ya uchunguzi kwa maandishi ndani ya miezi mitatu tangu siku alipowasilisha malalamiko, na kwa sababu hiyo malalamiko ya mdomo hayatoshi: yaandikwe, yataje tarehe, saa na majina yaliyo kwenye beji za wahusika, na nakala ya mzazi igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo.