Daftari la Mvumbuzi



Umekwisha kujifunza kuandika jina lako, tarehe na barua. Je, kazi ya maandishi ni barua tu? Katika somo hili tutasoma habari za Gordon Gould, mtu wa Marekani aliyeandika wazo lake katika daftari. Daftari hilo lilimfaa. Lakini baada ya kuandika alifanya kosa moja, na kosa hilo lilimletea kesi za miaka mingi. Tusome, kisha tujadiliane.

1. Hataza ni nini?

Fikiri kwamba wewe ni mhunzi. Umefikiri na kujaribu kwa muda mrefu, ukaunda mashine mpya ya kupukuchua mahindi. Hakuna mtu aliyewahi kuunda mashine ya namna hiyo. Mwenye kiwanda anaiona, anaiiga, anaiuza. Yeye anapata fedha. Wewe hupati kitu. Je, hiyo ni haki?

Ili kuzuia jambo hilo, serikali za nchi nyingi hutoa hati iitwayo hataza. Hataza humpa mvumbuzi haki juu ya uvumbuzi wake kwa miaka maalumu. Katika miaka hiyo mtu mwingine haruhusiwi kuutengeneza wala kuuuza bila idhini yake. Akitaka kuutumia, huelewana naye malipo.

Mvumbuzi naye ana wajibu. Lazima aeleze kwa maandishi jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Miaka ya hataza ikiisha, kila mtu anaweza kuutumia. Hivyo mvumbuzi hupata malipo ya jasho lake, na watu wote hupata elimu.

2. Mwanga wa leza

Wazo la Gould lilihusu mwanga wa namna ya pekee, uitwao leza.

Washa tochi usiku. Karibu nawe mwanga ni mkali. Mbali, mwanga umetawanyika na kufifia. Mwanga wa tochi ni kama watu wanaotoka mnadani: kila mtu ana njia yake na mwendo wake. Mwanga wa leza ni kama askari wa gwaride: mstari mmoja, hatua moja. Kwa sababu hiyo hautawanyiki upesi. Unaweza kukusanywa mahali padogo sana, ukawa na nguvu ya kukata chuma.

Leo leza hufanya kazi nyingi. Viwandani hukata na kuunga vyuma. Hospitalini madaktari huitumia kutibu macho. Katika maduka makubwa husoma ile mistari myeusi iliyochapwa juu ya pakiti, ili bei ijulikane. Lakini tahadhari: usitazame kamwe mwanga wa leza kwa macho, maana unaweza kukupofusha.

3. Gould aandika daftari

Mwaka 1957 Gordon Gould alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima wa miaka 37, bado anasoma.

Mwezi wa Novemba mwaka huo wazo la leza lilimjia. Hakulala juu yake. Alichukua daftari akaandika kurasa 9. Alichora picha, akafanya hesabu, akaeleza jinsi chombo hicho kingeweza kuundwa. Jina la leza lenyewe aliliandika humo. Alilipata kwa kuunganisha herufi za kwanza za maneno matano ya Kiingereza.

Kisha akalichukua daftari hadi kwenye duka la peremende. Mwenye duka hilo alikuwa pia na mamlaka ya kushuhudia hati na kuzigonga mhuri. Tarehe 13 Novemba 1957 alishuhudia kurasa zile. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Gould aliziandika baadaye.

4. Kosa la Gould

Gould alidhani kwamba mtu hawezi kuomba hataza mpaka kwanza aunde chombo na kukiwasha. Sheria haikusema hivyo. Ilitosha kueleza kwa maandishi kamili, ili fundi mwenye ujuzi aweze kukiunda. Lakini Gould hakujua. Akangoja.

Wakati huo Profesa Charles Townes wa chuo kilekile naye alikuwa akifikiri juu ya jambo hilo, pamoja na shemeji yake, Arthur Schawlow. Hao waliomba hataza mwezi wa Julai 1958. Gould aliomba mwezi wa Aprili 1959. Alikuwa amechelewa zaidi ya miezi 8. Mwezi wa Machi 1960 Townes na Schawlow walipewa hataza. Mwezi wa Mei mwaka huohuo mtaalamu mwingine, Theodore Maiman, aliwasha leza ya kwanza kule California.

Shida haikuishia hapo. Kampuni aliyofanyia kazi Gould ilipewa fedha na jeshi ili iunde leza. Basi kazi ikawa siri ya serikali. Kwa kuwa zamani Gould aliwahi kushirikiana na Wakomunisti, alinyimwa kibali. Kazi iliyotokana na wazo lake mwenyewe ilifanywa na wenzake, naye yuko nje ya mlango.

5. Kesi za miaka mingi

Gould alidai haki yake mbele ya sheria. Mwaka 1966 alishindwa. Daftari lilikuwepo na mhuri ulikuwepo, lakini mahakama haikuridhika na ushahidi wake. Daftari peke yake halikutosha.

Hata hivyo hakukata tamaa. Katika maombi yake ya mwaka 1959 alikuwa ameeleza mambo mengi, si jambo moja. Aliendelea kuyadai moja moja. Mwezi wa Oktoba 1977 alipewa hataza juu ya njia ya kuitia leza nguvu kwa kutumia mwanga. Mwaka 1979 alipewa nyingine, juu ya matumizi ya leza.

Lakini hati ni kitu kimoja, na kulipwa ni kitu kingine. Kampuni zilikataa kulipa, naye akarudi mahakamani. Ili apate fedha za mawakili, aliwaachia watu wengine sehemu kubwa ya mapato yake ya baadaye. Mwaka 1987 alishinda kesi, na kampuni zikaanza kulipa. Tangu siku ya daftari ilikuwa imepita miaka 30.

Mwishowe Gould alipata fedha nyingi. Wakati ule hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu ilipotolewa, na alipopewa yeye, leza zilikuwa zimekwisha kuenea. Alifariki mwaka 2005. Fedha alizipata, lakini miaka yake ya ujana haikurudi.

6. Tunajifunza nini?

Kwanza, andika. Neno la mdomo hupeperuka. Andika jambo lako, weka tarehe, tia saini, mpe shahidi naye atie saini. Fanya hivyo hata unapokopesha fedha au kukodisha shamba.

Pili, uliza sheria mapema. Gould alikuwa msomi mkubwa, lakini hakuuliza swali moja dogo kwa wakati wake.

Tatu, daftari si hataza. Zamani Marekani ilitazama nani aliyevumbua kwanza. Tangu mwaka 2013 hutazama nani aliyeomba kwanza. Tanzania nayo, watu wawili wakivumbua kitu kimoja, haki ni ya aliyetangulia kuomba. Tanzania Bara maombi hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Tena usiutangaze uvumbuzi wako hadharani kabla ya kuomba, maana sheria inataka uwe kitu kipya.

Kalamu unayo sasa. Itumie mapema.

Maneno ya kukumbuka

Hataza: hati ya haki ya mvumbuzi.
Mvumbuzi: mtu anayeunda au kugundua njia mpya.
Shahidi: mtu aliyeona, anayeweza kuthibitisha.

Maswali

1. Gould alikuwa na umri gani alipoandika daftari lake?
2. Kwa nini alilipeleka daftari kwa mwenye duka?
3. Gould alikosea nini juu ya sheria?
4. Townes na Schawlow waliomba hataza lini? Gould aliomba lini?
5. Jadilianeni: Je, ni haki mvumbuzi alipwe? Je, ni haki miaka ya malipo iwe na mwisho?

Zoezi

Fikiri kifaa kimoja kinachoweza kurahisisha kazi ya shambani au nyumbani. Kichore daftarini mwako. Eleza kwa sentensi tano jinsi kinavyofanya kazi. Andika tarehe, tia saini, kisha mwombe mwenzako atie saini kama shahidi.