Kitenzi "quoth" na Matumizi Yake

SWALI: Katika mashairi ya kale ya Kiingereza nimekutana na neno "quoth". Ni kitenzi cha namna gani, na je, yafaa nikitumie katika insha?

JIBU: Ndugu msomaji, "quoth" ni kitenzi pungufu, maana yake "nilisema" au "alisema", ambacho kimesaliwa na wakati uliopita peke yake, na kaida yake ni kumtangulia msemaji, hata ikawa huandikwa "quoth he", nacho huambatana na maneno yenyewe yaliyotamkwa, wala si muhtasari wake. Asili yake ni Kiingereza cha kale, na nduguye aliye hai hadi leo ni "bequeath", yaani kuusia mali. Hali ya "quoth" ni mfano wa "-amba" yetu ya kale, iliyokuwa na maana ya kusema, ambayo imefifia ikatuachia "kwamba" na "-ambia". Edgar Allan Poe, mshairi wa Marekani, alikitumia katika shairi lake "The Raven" la mwaka 1845, nacho kikaipa kauli ya yule ndege haiba ya ukale. Basi katika insha ya darasani andika "said", na "quoth" uwaachie washairi na watani.