Umeme Ukirudi, Kompyuta ya Adhana Iwake Yenyewe



Mnaukumbuka ule usiku wa Ramadhani adhana ya alfajiri ilipotoka saa tatu usiku, tukiwa katikati ya tarawehe? Ikatangaza hata kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Wako waliocheka, wako waliokasirika. Mimi ninayeitunza kompyuta ile nilitamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa hivi. Umeme ulikatika mchana, ukarudi saa tisa na nusu, lakini kompyuta haikuwaka. Magharibi ikapita kimya, watu wakafuturu kwa kutazama simu. Baadaye ndugu mmoja akabonyeza kitufe, naye alifanya kwa nia njema. Kumbe saa ya kompyuta ilianza kuhesabu upya pale umeme uliporudi, ikidhani ni saa sita usiku. Kwa hesabu yake, saa tatu usiku ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndio wakati wa adhana hapa Kampala. Chumba kile hakina intaneti ya kuisahihisha.

Mkosaji alikuwa betri ya duara, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Hukaa juu ya ubao mkuu wa kompyuta, na kazi yake ni kuendesha saa wakati hakuna umeme. Ikiisha, saa hurudi nyuma, na katika mashine nyingi mipangilio ya bayosi nayo hufutika. Kwa hiyo anzeni na betri. Mafundi wa saa wanazo, na bei yake si ya kuitishia harambee.

Kisha washa kompyuta huku ukigonga Delete au F2 (nyingine F10) mpaka bayosi ifunguke. Katika sehemu ya umeme tafuta maneno kama "Restore on AC Power Loss" au "After Power Loss". Utakuta machaguo matatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Wengi huchagua la tatu kwa kuliona la busara. Mimi nasema chagua la pili, "Power On". Kama mtu aliizima vizuri kabla umeme haujakatika, hali ya mwisho ni kuzimwa, na itabaki hivyo. Hifadhi kwa F10, utoke. Laptopu nyingi hazina mpangilio huu.

Kuwaka peke yake hakutoshi, maana Windows itasimama kwenye nywila ikingoja mtu. Tumetengeneza akaunti ndogo inayofunguka bila nywila, isiyo na faili la mtu yeyote wala madaraka ya kubadili mashine, na programu ya adhana tumeiweka katika folda ya Startup. Orodha ya wanachama na hesabu za michango tumeziondoa kabisa, kwa sababu atakayeingia chumbani ataikuta kompyuta iko wazi.

Jaribio lake ni jepesi. Izime kwa utaratibu, chomoa waya ukutani, ngoja nusu dakika, chomeka tena bila kugusa kitufe. Ikiwaka, tazama saa na tarehe kabla ya kufurahi.

Wenye UPS wana mtego wao. Ikiwa UPS imeiamuru kompyuta ijizime, kisha umeme ukarudi kabla UPS yenyewe haijaisha, kompyuta haioni kwamba umeme ulikatika, hivyo haiwaki. UPS nyingine zinaweza kupangwa zijikate baada ya kompyuta kuzima. Yetu haiwezi. Tumetumia "RTC Alarm" ya bayosi, inayoiwasha kila siku saa kumi alfajiri kama imezimika. Ikiwa imeshawaka, haidhuriki.

Betri mpya tumeiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Nayo saa ya kompyuta hulinganishwa na ya simu kila Ijumaa kabla ya khutba. Wiki hii ni zamu yangu.