Tangi Jipya la Samaki Lahitaji Subira ya Wiki Sita

Chukua mfano wa shule iliyonunua tangi la kioo la lita 1,000 ili wanafunzi wajifunze ufugaji wa ngege. Maji yanajazwa Jumatatu, pampu inawashwa, na kufikia Ijumaa yanang'aa kiasi cha kuona hadi upande wa pili. Vifaranga 60 wanaletwa na kutiwa siku hiyo hiyo. Kwa siku chache wanakula vizuri. Wiki ya pili wanaanza kukaa juu ya maji wakitwetea, na asubuhi moja wengi wanakutwa wamekufa.

Muuzaji wa vifaranga hulaumiwa, chakula hulaumiwa, hata mwanafunzi aliyekuwa na zamu ya kulisha hulaumiwa. Kosa halisi lilitendeka Ijumaa ile. Samaki waliingia kabla ya tangi kuwa tayari kuwapokea.

Shule, hoteli, vikundi vya vijana na familia zinazopanga kuweka tangi kubwa la maji baridi zinaweza kuepuka hasara hii kwa kuelewa kinachotendeka ndani ya maji, na kusubiri.

Maji maangavu yanavyoua

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula na kinyesi pia huoza na kutoa amonia. Mtoni au ziwani, amonia hiyo husambaa katika maji mengi. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Huunguza matamvua, na samaki hushindwa kupumua ilhali maji yangali maangavu.

Tiba ya asili ni bakteria wa aina mbili. Kundi la kwanza, likiwemo Nitrosomonas, hula amonia na kuibadilisha kuwa naitraiti. Naitraiti nayo ni sumu, kwani huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili, likiwemo Nitrospira, huibadilisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Bakteria hawa huishi wakiwa wameshikamana na sifongo, kokoto na kuta za tangi. Wengi wao hukaa ndani ya kichujio, ambako maji yenye oksijeni hupita wakati wote. Katika tangi jipya ni wachache mno, nao huzaana polepole. Ndiyo maana kazi ya kuwakuza huchukua wiki 4 hadi 6.

Hatua za kufuata

1. Jaza tangi na uondoe klorini. Maji ya mfereji huwekwa klorini ili kuua vijidudu, nayo huua pia bakteria wanaohitajika. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo.

2. Washa pampu na kichujio, na usivizime mchana wala usiku. Bakteria hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Katika maeneo ya baridi ya nyanda za juu, bila kifaa cha kupasha maji, kazi huchukua muda mrefu zaidi.

3. Walishe bakteria. Lengo ni miligramu 2 za amonia kwa kila lita. Kwa tangi la lita 1,000, takriban gramu 6 za amoniamu kloraidi zinatosha. Kwa lita 3,000, gramu 18. Usitumie amonia ya kusafishia nyumba iliyotiwa sabuni au manukato. Itunze mbali na watoto. Asiyeipata anaweza kutia chakula kidogo cha samaki kila siku na kukiacha kioze, ingawa kiasi cha amonia ni vigumu kukidhibiti kwa njia hii.

4. Pima amonia, naitraiti na naitreti kila baada ya siku 2 au 3, na uandike matokeo daftarini. Amonia ikikaribia sufuri, ongeza tena hadi miligramu 2. Usizidishe miligramu 5 kwa lita, kwa sababu amonia nyingi huwadumaza bakteria wenyewe.

5. Subiri naitraiti ipande, kisha ishuke. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Amonia huanza kupungua mapema, lakini naitraiti inaweza kukaa juu kwa wiki 2 au zaidi. Kutia samaki katika kipindi hiki ni kuwatoa kwenye sumu moja na kuwaingiza kwenye nyingine.

Jaribio la mwisho

Tangi liko tayari linapoweza kumaliza miligramu 2 za amonia ndani ya saa 24, huku amonia na naitraiti zote zikisoma sufuri. Rudia jaribio hilo siku inayofuata ili kuhakikisha. Baada ya hapo badilisha zaidi ya nusu ya maji ili kupunguza naitreti, kisha ulete samaki. Kwa mfano wa shule ile, ni busara kuanza na vifaranga 20, kupima maji kila siku kwa wiki moja, ndipo wengine waongezwe kidogo kidogo.

Iwapo vifaranga watachelewa kufika, endelea kulisha tangi amonia. Bakteria wasiolishwa hupungua.

Yanayokwamisha kazi

Maji ya mvua hayana madini ya kutosha. Bakteria wanapofanya kazi hutumia madini hayo, na yakiisha maji hugeuka kuwa na asidi na kazi husimama. Mfuko mdogo wa vipande vya mawe ya chokaa ndani ya kichujio husaidia.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana magadi. Katika maji kama hayo amonia huwa kali zaidi: sehemu yake yenye sumu kwa pH ya 8 ni karibu mara 10 ya ile ya pH 7. Pima pH ya maji yako kabla ya kununua samaki.

Umeme ukipotea, oksijeni ndani ya kichujio huisha na bakteria huanza kufa baada ya saa kadhaa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au sola ni akiba nzuri.

Kuosha kichujio kwa maji ya mfereji huua bakteria waliokuzwa kwa wiki nyingi. Suuza sifongo kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe.

Njia moja ya kufupisha muda ni kuomba kipande cha sifongo kutoka kwa kichujio cha tangi la zamani lenye samaki wenye afya. Hakikisha tangi hilo halina ugonjwa.

Ikiwa samaki wameshaingia

Acha kuwalisha kwa siku moja au mbili. Badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Ongeza hewa, na usiguse kichujio. Pima kila siku, na urudie kubadilisha maji hadi amonia na naitraiti ziishe.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za uvuvi ni jukumu la serikali za kaunti. Mkazi anayepanga kuweka tangi anashauriwa kufika katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yake kabla ya kulipia vifaranga, akiwa na kiasi cha lita za tangi, chanzo cha maji yake, na daftari la vipimo iwapo ameshaanza.