Gari ya mizigo ikichemsha, usikimbilie kununua rejeta

Leo tuache kidogo mambo ya picha na kapsheni. Tunauza Instagram na WhatsApp, sawa, lakini mzigo haupiti kwenye simu. Unafika kwa boda, au kwa hako kagari kako ka Vitz au Probox ambako kwa kweli ndiko duka lenyewe. Kakilala gereji wiki mbili, oda nazo zinalala. Na kinachoua injini za hizi gari mara nyingi ni kuchemsha.

Mimi nauza vyombo vya jikoni na napeleka mwenyewe, Dar hadi Kibaha. Nitakachoandika hapa ni kile ninachokifanya na gari yangu.

Taa nyekundu ya joto ikiwaka, simama. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imezidi. Maana yake hupewi onyo la katikati. Ukiiona nyekundu, hali tayari ni mbaya. Najua akili inavyosema pale: "Mteja yuko mtaa wa pili, ngoja nifike tu." Usifike. Hedi ya injini ni ya aluminiamu, ikizidi joto inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Hapo hesabu ni kufungua injini nzima. Mteja mwandikie tu: "Dada, gari imepata hitilafu, mzigo wako nampa boda sasa hivi." Nauli ya boda lipa wewe. Hata ukilipa boda watano, ni hela ndogo kuliko kukwangua hedi.

Kama uko katikati ya barabara na huwezi kusimama hapo hapo, zima AC, washa hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita inanyonya joto kutoka kwenye injini. Ukipata pa kuegesha, zima.

Kifuniko cha rejeta usikiguse. Kile kifuniko kinashikilia presha, ndiyo maana maji mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, mpaka karibu 120. Ukifungua, presha inashuka ghafla, maji yanachemka palepale na kukurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika paipu ya juu ya rejeta bila kuungua. Na wale wasamaria wanaokuja na ndoo ya maji baridi kumwagia injini, washukuru na uwakatalie. Chuma cha moto kikipigwa baridi ghafla kinaweza kupasuka.

Sasa swali linalookoa hela: inachemsha wakati gani?

Yangu ilikuwa inachemsha kwenye foleni ya Kariakoo. Gereji niliyoenda, fundi akaangalia dakika moja tu akasema rejeta imeziba, tubadilishe. Nikamuuliza, mbona juzi nimeenda Kibaha na kurudi, spidi 80, taa haikuwaka? Ukiwa kwenye mwendo, upepo unapooza rejeta wenyewe. Ukisimama kwenye foleni, kazi hiyo inabaki kwa feni peke yake. Kwa hiyo gari inayochemsha foleni na kupoa barabara kuu, mshtaki wa kwanza ni feni. Tukawasha injini na AC, tukafungua boneti: kwenye gari hizi ndogo ukiwasha AC feni inatakiwa izunguke. Kimya. Fyuzi nzima. Tukaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kimya pia. Mota imekufa, basi. Nilinunua ya mtumba, na nilihakikisha imejaribiwa kwenye betri mbele yangu kabla ya kulipa. Rejeta ile ile ipo mpaka leo.

Ikiwa kinyume chake, yaani mjini inakwenda vizuri ila inachemsha kwenye mwendo mrefu au kwenye mlima ukiwa na mzigo, hapo ndipo rejeta inashukiwa kweli. Angalia nje kwanza, zile nyavu zinajaa tope na wadudu, pengine kuzisafisha tu kunatosha. Kisha mkanda unaozungusha pampu ya maji kama umelegea, na pampu yenyewe kama inavuja.

Ikichemsha muda mfupi tu baada ya kuwasha, na maji yamejaa, shika paipu mbili za rejeta kwa tahadhari. Ya juu ya moto sana na ya chini baridi, hapo themostati huenda imegoma kufunguka. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo kwenye maji yanayochemka isipofunguka imekufa. (Sufuria iwe ya zamani, si ya kuuzia.)

Hapa nigombane kidogo na mafundi wetu. Wengi wanaitoa themostati wanaitupa, wanasema nchi yetu ya joto haihitaji. Si kweli. Bila themostati injini inafanya kazi ikiwa baridi mno na inakula mafuta, na kwenye injini nyingine sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo foleni ikikubana inachemsha zaidi. Mwambie aweke mpya.

Kinachotisha kweli ni maji kupungua kila siku na chini hakuna hata tone. Ukiona hivyo, na kuna moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, au mapovu yanatoka kwenye rejeta ukiwasha gari asubuhi, ni gasketi. Usiibebeshe mzigo tena, na oda za wiki hiyo wape boda mapema.

Mwisho, maji ya kisima tusiyaweke kwenye rejeta. Mengi ya Dar yana chumvi, yanaotesha kutu na magamba. Weka kulanti. Mimi nakagua asubuhi kabla ya kupakia, injini ikiwa baridi, na kwenye buti nina lita 2 za kulanti, kitambaa kinene, fyuzi za akiba na namba za boda wawili ninaowaamini.